Mfuma, siyo wa sweta

Jana mwanangu mdogo kaja na homuweki ya Kiswahili, eti "Baba, mfuma ni nani?" na kabla sijafungua mdomo kashajijibu, mtu wa kufuma sweta. Sibishi, lakini kamusi hiyohiyo ina kufuma kwingine, kumpiga mtu au mnyama kwa mshale ama mkuki.

Basi kimawazo nikarudi utotoni, Kipini kwa babu. Tukisema "mpiga upinde" alikuwa anakasirika, kupiga hata mtoto anapiga, mfuma ni anayepata! Na yeye hakuwa na upinde, alikuwa na uta, zikiwa nyingi mata. Mfuma kwake alikuwa mmoja tu, Fumo Liongo, yule shujaa wa hadithi za pwani. Siku moja alikuwa anatusimulia kisa chake, makoma, yale matunda ya mkoma, yalishaanguliwa kwa mishale, mtoto wa Liongo alishamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, tumebakiza pale Liongo anapotoka na maumivu yake mpaka visimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta, anafia hapohapo kavuta, na watu wanakosa maji kwa sababu nani atamsogelea.

Babu akaona maneno hayatoshi. Kashika bakora yake kama uta, kapiga goti kwenye mchanga wa uani, mkono wa kulia kauvuta hadi sikioni, hakuna kamba wala mshale, jicho moja kafumba. Tukacheka. Hakusogea. Kuku kapita mbele yake, hakusogea, jasho linamshuka shingoni, bakora inatetemeka kidogo tu, na kicheko kikatuishia wenyewe. Binamu yangu akaanza kurudi kinyumenyume, mimi nimeganda, wallahi hakuna aliyethubutu kumgusa.

Bibi ndo katoka na ndoo yake, anaenda kuteka maji. Akamtazama. "We mzee, goti tena?"

"Limekwama tangu saa ile," babu kasema kwa sauti ndogo, bakora bado juu, "na wana hawa wasimama wanitazama tu!"

Nimemsimulia mdogo yote hayo, nikadhani sasa ataandika jibu la maana. Akafikiri weee, halafu: "Sasa baba, kama mfuma ni anayepata, na huo mshale hakuuachilia, alimpata nani?"

Nikamwambia subiri nifikirie. Kaandika sweta.