Balozi aliyekutwa na vita kikaoni
Alfajiri ya 24 Februari 2022 nilikuwa macho, nafuatilia kikao cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwenye simu. Balozi wa Ukraine, Sergiy Kyslytsya, alikuja na hotuba yake tayari. Vita vya Urusi dhidi ya nchi yake vikatangazwa kikao kikiendelea, akasema sehemu kubwa ya hotuba haina kazi tena. Akamtaka mwenzake wa Urusi, ambaye mwezi ule ndiye aliyekalia kiti cha urais wa Baraza (hebu fikiria!), ampigie simu Lavrov, Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, pale pale. Jibu: hatamwamsha waziri saa hizo. Mimi ningerusha kiti. Yeye akamwambia tu kwamba wahalifu wa kivita hawapiti toharani (mahali pa kutakaswa roho baada ya kifo), wanakwenda motoni moja kwa moja. Tarehe 25 alikuwa ukumbini tena, Urusi ikapiga kura ya turufu kuzuia azimio la Baraza mbele yake.