Kabla ya kumwuliza kwa nini

Bibi yake mwanafunzi wangu alipoona makovu mkononi mwa binti huyo, aliuliza: "Nani kamchanja mjukuu wangu?" Kwa bibi wa Kimakonde aliyezeeka na nembo, yaani chale za urembo, usoni, alama kwenye ngozi huwekwa na mtu, fundi au mganga. Kwamba mtoto wa kidato cha pili anaweza kujikata mwenyewe, kwa siri, hakulielewa hata kidogo.

Mama alilielewa upesi, akashika fimbo. Nilimsihi kama mwalimu wa malezi: "Mama, kichapo kitamfundisha kuficha tu." Kuficha ameshajua. Mwezi mzima wa Novemba, na joto lote hili la Mtwara, hakuvua sweta.

Nilikaa naye chini ya mkorosho nyuma ya bweni. Sikumwuliza kwa nini. Nilimwuliza kidonda kinauma kiasi gani, kama kimesafishwa. Baada ya kimya kirefu akasema, "Mwalimu, nikifanya hivi kichwa kinatulia kidogo."

Kichwa kinatulia. Vijana wengi wanaojiumiza hawatafuti kifo wala hawadeki. Wanatafuta nafuu ya muda mfupi kutoka kwenye hasira, aibu au ganzi wasiyoweza kuisema. Lakini nafuu hiyo ni ya hatari, kwa sababu anayejiumiza yuko karibu zaidi na kujiua baadaye kuliko wenzake. Kwa hiyo nilimwuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimtii mtoto wazo. Humpa ruhusa ya kusema.

Dawa maalumu ya kuzuia kujikata haipo, ingawa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ikiwepo hutibiwa. Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo yenye mpango: kijana anajifunza kuitambua hisia inapopanda na kuivuka bila kujidhuru, na wazazi wanajifunza pamoja naye. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeasisi tiba mojawapo ya namna hiyo na kuchapisha jaribio lake mwaka 1991, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba naye ujanani alijiumiza. Binti nilimsimulia hilo. Aliuliza mara mbili kama ni kweli.

Mama amekubali tumpeleke hospitali ya Ligula Jumatatu. Nimemwomba aweke mbali wembe na dawa zote za nyumbani, na asimwapishe binti kwamba hatarudia, maana akirudia ataona aibu kusema. Na akitamka kwamba anataka kufa, wasimwache peke yake, waende hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.