Simu ya mama imefufuka

Jamani, natoka Kariakoo sasa hivi na simu ya mama inateleza kama mpya!

Ni Android ya siku nyingi. Kampuni iliyoiunda ilishaacha kuiletea masasisho.

Fundi kanihimiza nihamishe picha kwanza, maana ukifungua kufuli la mfumo, lile linalozuia kuweka mfumo mwingine, kila kitu kinafutika. Kisha kaichomeka kwenye laptopu, kaweka LineageOS, mfumo uliojengwa juu ya Android na watu wa kujitolea. Msimbo wa Android uko wazi tangu 2008, ndiyo maana watu baki wanaweza kuitunza simu iliyotelekezwa.

Ikawaka. Kwenye skrini kiduara cha LineageOS kikawa kinateleza juu ya upinde, kinarudi, kinateleza tena. Fundi kaacha hata chai yake. Mimi moyo mkononi!

Pembeni kulikuwa na iPhone 6, simu ya 2014. Tuseme ukweli: hiyo mwenyewe Apple aliiletea viraka vya usalama hadi Januari 2023. Ila sasa basi, fundi hana mfumo mwingine wa kuiwekea.

Ya mama nayo ina lake: programu ya benki imegoma, inataka mfumo wa kiwandani. WhatsApp inapiga kazi, na kwa mama hiyo ndiyo simu yenyewe.

Nyie mnatumia ipi, na ikizeeka mnaifanyaje?