Nilivyofika makumbusho ya chai ya Munnar nikitokea Kochi

Nilikuwa Kochi, jimbo la Kerala, nikimuuguza mjomba aliyekuja India kwa matibabu. Miadi ya daktari ilipoachana kidogo, mjomba mwenyewe ndiye aliyenihimiza: "Mpwa wangu, umezaliwa Kericho. Utarudije nyumbani bila kuiona chai ya huku?"

Nilipanda basi la serikali la kwenda Munnar, mji wa milimani wenye mashamba ya chai, kwenye stendi ya Aluva karibu na Kochi. Umbali ni zaidi kidogo ya kilomita 100, ila kona za mlimani hula saa nne au zaidi, kwa hiyo kaa dirishani na usishibe sana kabla ya safari. Munnar iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, beba sweta. Makumbusho yako shamba la Nallathanni, kilomita 2 hivi kutoka mjini, na Jumatatu hufungwa. Tuktuk hukufikisha mlangoni.

Kilichonishika zaidi ni mabaki ya reli ndogo ya bonde la Kundala. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikisafirisha chai hadi mafuriko ya 1924 yalipoisomba, na haikujengwa tena. Ipo pia saa ya jua ya 1913. Kisha unaingia kwenye kiwanda kidogo cha maonyesho: majani yananyaushwa, yanasagwa, yanachanwa na kukunjwa kwa mashine za CTC (kifupi cha Kiingereza cha kazi hizo tatu), yanaachwa yageuke rangi, halafu yanakaushwa. Teknolojia hiyo ilibuniwa Assam miaka ya 1930, na ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya chai ya Kenya. Harufu ya pale ni ya Kericho kabisa, nami nilisimama muda mrefu kuliko wageni wenzangu.

Mashambani nilipelekwa na dereva mwenyeji, Mtamili, na hapo ndipo safari iliponilipa. Alinisimulia mgomo wa Septemba 2015. Wanawake wachumaji, maelfu kwa maelfu, walifunga barabara za Munnar wakidai bonasi ya asilimia 20 baada ya kupunguzwa hadi 10. Waliwakataa hata viongozi wanaume wa vyama vya wafanyakazi, wakaunda umoja wao, Pembilai Orumai, na mwishowe wakalipwa asilimia 20 yao. Kwangu mimi, hiyo ni historia ya chai sawasawa na reli ile.

Tulisimama kando ya barabara wanawake walipokuwa wakichuma kwa mikasi mikubwa yenye kisanduku cha kukingia majani. Mama mmoja aliuliza, dereva akitafsiri, kama kwetu bado wanachuma kwa mkono. Nikamweleza kuwa wapo, lakini mashamba makubwa yameleta mashine, na kwamba mwaka 2023 waandamanaji Kericho walizichoma baadhi moto. Akaweka mkasi chini, akawaita wenzake waje wasikie, nami ikanibidi kuanza upya tangu mwanzo.