Shelisheli: chumba cha bei nafuu kilinigharimu arubuni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta chumba cha bei nafuu kabla sijajua kimeelekea wapi. Mume wangu alikuwa amepata likizo ya Agosti, nami nikakesha siku kadhaa na simu mkononi hadi nikakipata: chumba cha ufukweni Grand Anse, kisiwa cha Praslin, bei nusu ya vingine vyote nilivyoviona. Nikatuma arubuni usiku huohuo, nisije nikapokonywa.

Jumapili yake tukaenda Kisauni, Mombasa, kumwamkia mjomba. Alikuwa nahodha miaka mingi, sasa magoti yamemkataza bahari. Nikampa habari zangu kwa mbwembwe.

"Mnakwenda lini?"

"Agosti, mjomba."

"Kusi hiyo. Na nyumba yenyewe iko upande gani wa kisiwa?"

Nikakosa la kusema. Rangi ya mapazia niliijua, idadi ya mito kitandani niliijua, lakini upande wa kisiwa sikuwahi hata kuuwaza. Mjomba akacheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Niliporudi nyumbani nikafungua ramani. Shelisheli ina visiwa 115, na upepo unaovipiga ni huuhuu wetu: kusi kuanzia Mei hadi mwanzo wa Oktoba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huleta ukavu na ubaridi kidogo, lakini bahari huchafuka na mwani hurundikana kwenye fukwe zinazopigwa na upepo. Grand Anse ya Praslin ni mojawapo. Wakati huohuo Côte d'Or, upande wa pili wa kisiwa hichohicho, maji yametulia kama ya beseni. Kaskazi ikiingia mambo hugeuka, na mvua za Desemba na Januari huja nayo. Katikati ndipo penye tangambili, Aprili na tena Oktoba kuelekea Novemba, bahari inapolala pande zote.

Tukaahirisha safari hadi wiki ya mwisho ya Oktoba na kuhamia Côte d'Or. Arubuni ya Grand Anse haikurudi. Mwenye chumba alinijibu kwa heshima kubwa na hakunirudishia hata senti. Mume wangu aliinyamazia, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angesema.

Baada ya hapo ikaja kazi ya makaratasi. Shelisheli haituombi viza, na watu wengi hapa huishia hapo, wakadhani ni kununua tikiti na kupanda ndege. Kuna kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa intaneti na kulipiwa kabla ya kuondoka, na wanataka kuona pasipoti, tikiti ya kurudi na mahali pa kulala. Mimi nilikuwa nimeacha siku mbili wazi, nikijiambia tutaamua tukifika. Ombi likakwama. Wanataka uonyeshe kila usiku utalala wapi, na iwe nyumba yenye leseni. Kupiga hema ufukweni ni marufuku. Nikajaza zile siku mbili, kibali kikaja.

Cheti cha homa ya manjano nacho usikipuuze, maana kwa anayetoka Kenya ni lazima. Mimi nilikuwa nacho tangu safari ya zamani na siku hizi hakiishi muda, lakini mume wangu hakuwa amechanjwa, na chanjo huhesabika kuwa imeanza kufanya kazi baada ya siku 10. Akichanjwa wiki ya safari, amekwisha.

Mpangilio wa visiwa ulinichukua jioni nzima na karatasi tatu. Ndege kutoka Nairobi hutua Mahé, kisiwa kikuu, ni kama saa tatu angani, na saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kutoka Mahé hadi Praslin boti ya kasi huchukua kama saa moja, na kutoka Praslin hadi La Digue dakika 15 tu. Nikapanga usiku mmoja Mahé, mitatu Praslin, mitatu La Digue, kisha mmoja Mahé. Ule wa mwisho mume wangu aliuona ni upotevu wa pesa. Nilimwambia boti haiogopi tikiti ya ndege ya mtu. Bahari ikikataa, bora tuwe tumeshavuka.

Pesa yao ni rupia, na wakati ule rupia moja ilikuwa karibu shilingi 9 hivi. Kuna tozo ya mazingira, rupia 25 kwa kila mtu kwa kila usiku kwenye nyumba ndogo kama zetu, hoteli kubwa zaidi ya hapo. Kwetu sisi wawili kwa usiku nane ikawa rupia 400, na haikuwemo kwenye bei niliyolipia. Chakula cha hotelini kingetumaliza. Tukawa tunanunua wali, samaki na mchuzi wa pweza wa nazi kwenye maduka madogo ya chakula cha kubeba, na siku ya kwanza niliona aibu kwamba nimevuka bahari kuja kula cha nyumbani. Mahé kuna mabasi ya umma, La Digue tulikodi baiskeli. Kule magari ni machache, na mimi nilikuwa sijapanda baiskeli tangu darasa la sita. Tuliache hilo.

Gharama ambayo sikuinung'unikia ni kiingilio cha Vallée de Mai, msitu wa Praslin ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1983. Humo ndimo inamoota minazi ya coco de mer, yenye mbegu kubwa kuliko ya mmea wowote duniani. Mume wangu alitamani kununua moja. Inahitaji kibali kuitoa nchini, na uzito wake peke yake ungekula nusu ya mizigo yetu, kwa hiyo tukarudi na picha.

Mama mwenye nyumba ya La Digue alitukaangia shelisheli. Nikamwambia kwetu tunda hilo tunaliita kwa jina la nchi yao. Alicheka sana, yeye analiita friyapen, akatuonya kwamba wao husema anayelila kwao lazima atarudi. Mume wangu akaongeza sahani.

Tuliporudi nilimpelekea mjomba picha za Côte d'Or. Akaivuta ile moja kwa vidole viwili, akatupita sisi, akaupita ufukwe, akafika kwenye makuti ya mnazi na maji yaliyo nyuma yake.

"Enhe," akasema, akanirudishia simu. "Tangambili."