Silikanti ni Ndugu wa Nani?

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa silikanti, samaki mkubwa wa kina kirefu cha bahari, katika majarife yanayotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 sehemu ya pwani yetu ilitengwa kuwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Aliyezoea mnada wa samaki angemweka karibu na chewa bila kusita, kwa kuwa wote wana magamba, matamvua na mapezi. Kwa mtaalamu wa mageuko, hata hivyo, sifa hizo hazithibitishi udugu wa karibu: ni urithi wa kale wa samaki wote wenye mifupa, ambao baadhi ya wazao, sisi tukiwemo, waliupoteza baadaye.

Kinachohesabiwa ni sifa mpya ambayo kundi fulani limeirithi kwa mhenga wake na ambayo walio nje ya kundi hilo hawana. Papasa shina la pezi la kifuani. La chewa ni njiti zinazotoka karibu moja kwa moja ubavuni, ilhali la silikanti lina kikonyo kinene cha nyama, na ndani yake mfupa mmoja ulioungana na bega, mahali pale pale ulipo mfupa wa juu wa mkono wetu. Kamongo, samaki mwenye mapafu, naye anao. Kwa hiyo silikanti yuko karibu nasi kuliko alivyo karibu na chewa, kauli ambayo mnadani huishia kwenye kicheko.

Kati ya silikanti na kamongo, nani aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu? Mifupa ilizua ubishi wa miongo mingi. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha jeni 251 za wanyama mbalimbali wenye uti wa mgongo, wakiliweka kundi la papa kama mgeni wa nje ili kutambua badiliko lipi ni la zamani na lipi ni jipya. Vinasaba (DNA) vya kamongo vilikuwa vingi mno kusomwa vyote wakati ule, hivyo walisoma zile jeni zilizokuwa zikifanya kazi katika tishu zake tu. Kamongo ndiye aliyeshinda.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba jeni za silikanti zinazotengeneza protini hubadilika polepole kuliko zetu. Polepole si kusimama, ndiyo maana silipendi jina la "kisukuku hai", yaani kiumbe wa kale asiyebadilika, alilobandikwa: mwaka 2011 ulinganisho wa vinasaba ulibaini kuwa silikanti wa kaskazini mwa pwani ya Tanzania ni jamii iliyokwisha kutengana na ile ya Komoro.