Siku moja maishani mwangu: pikapu, redio mbili na ethi iliyonidanganya

Saa 1:15 asubuhi

Nafika gereji, dogo ameshafagia na chai ya maziwa iko jikoni. Tuko Unga Limited, Arusha. Ugali wangu unatokana na redio za upepo za magari ya watalii: antena kwenye bampa, masafa yamepangwa tayari, dereva anabonyeza na kuongea. Kazi ya saa tatu, gari linaondoka.

Leo ni nyingine. Kuna mzee anayezunguka sana pande za Natron na Loliondo, kule simu inashika mlimani na kukata bondeni. Ana leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi na si kwa biashara. Leseni hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na alama yake ya wito, yaani jina lake la hewani, inaanza na 5H, ya Tanzania. Mimi sina leseni hiyo. Naweza kufunga, kupima na kusikiliza, ila kwenye masafa yao kitufe cha kurusha anakibonyeza yeye.

Saa 2:05

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hamjambo hapa?"

Gari ni Land Cruiser 79 pikapu, injini ya 1HZ. Nilivyoiona nikafurahi kimoyomoyo. Ni dizeli ya zamani, pampu ya kawaida, haina plagi za cheche wala kompyuta ya kuniletea kelele redioni. Kwenye boksi kuna Yaesu FT-891 ya wati 100 kwa masafa ya HF, yale ya kufika mbali, na redio ndogo ya VHF, ya karibu, ya wati 50.

Akaniuliza swali ambalo huulizwa kila mara: "Si tuchukue tu moto hapa kwenye tundu la sigara?"

Hapana, mzee wangu. Redio hii ikirusha kwa nguvu zote inakula ampea 23. Fyuzi ya tundu lile ni ya 10 au 15. Ukiweka fyuzi kubwa zaidi kwa ubishi, utakachounguza ni waya wenyewe, na waya huo unapita nyuma ya dashibodi.

Saa 2:40

Kabla ya spana, testa. Betri ziko mbili, na nimewahi kukutana na Land Cruiser za dizeli zenye volti 24. Redio ya volti 13.8 ukiiunga pale unaiaga. Hii inasoma 12.6. Vizuri.

Waya nimechagua wa milimita za mraba 10. Dogo aliona ni ufujaji, maana ule wa 2.5 upo bure stoo. Nikampa kalamu apige hesabu: kutoka betri hadi nyuma ya kiti ni mita 4, kurudi 4 nyingine. Kwa ampea 23, waya wa 2.5 unapoteza volti 1.27 njiani. Wa 10 unapoteza 0.32. Injini ikiwa imezimwa na betri iko kwenye 12.2, redio yenye waya mwembamba inabaki na chini ya 11, na hapo inajizima katikati ya sentensi. Dogo akarudisha waya wa 2.5 stoo bila kusema neno.

Fyuzi mbili, moja chanya na moja hasi, zote shubiri moja kutoka betri. Fyuzi ikikaa karibu na redio inailinda redio. Ikikaa karibu na betri inalinda gari zima.

Saa 4:00

Umeme umekatika. Pasi ya kuchomea risasi tumeichomeka kwenye inveta ya gari langu, maisha yanaendelea. Nimefunga plagi nne za PL-259, zile za kebo ya antena. Wengi huziminya tu kwa koleo, na ndizo zinazoturudia baada ya miezi mitatu ya vumbi la Engaruka. Mimi nachoma mpaka risasi itiririke ndani ya matundu na kung'aa, kisha nasubiri ipoe yenyewe, bila kupuliza.

Saa 5:30

Kichwa cha FT-891 kinatoka, kwa hiyo tumekifunga juu ya dashibodi na mwili wa redio tukauweka nyuma ya kiti, penye hewa. Kebo ya kuunganisha viwili hivyo inauzwa kando. Bahati mzee alikuja nayo. Antena ya VHF haikuhitaji kutobolewa paa. Kabini hizi zina mfereji wa mvua pembeni, tumebana kishikio hapo. Fimbo ni sentimita 49, robo ya wimbi kwa masafa ya megahezi 145. Imechukua dakika ishirini.

Robo ya wimbi kwa mita 40, yaani masafa ya HF ya megahezi 7, ingekuwa fimbo ya mita 10, na hakuna trafiki atakayekuelewa. Ndiyo maana antena ya HF ya gari ni fupi, mita mbili na kitu, na ina koili katikati ya kuiongopea redio kwamba ni ndefu. Hii tumeifunga kwenye ukingo wa bodi ya nyuma.

Saa 7:10 mchana

Makande ya mama ntilie. Mzee amekataa soda, ameagiza maji, akatusimulia habari za upepo wa Natron mpaka chakula kikapoa.

Saa 8:00

Tumewasha. Kwenye mita 40 kuna mngurumo, kipimo cha S, kinachoonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia, kimesimama kwenye 7. Dogo akasema alternata. Tukazima injini, mngurumo uko palepale. Nikaangaza macho kabini: kwenye tundu la sigara kuna kichaja cha simu, kile cha buku tano kinachowaka taa ya bluu. Nikakichomoa. Kipimo kikashuka hadi 2, na ghafla tukasikia watu wanaongea.

Nimekiweka mezani kwangu ili mzee asikirudishe.

Saa 8:40

Hapa ndipo siku yangu ilipokwenda.

Antena nimeiunga kwenye kipimo. Kwa asiyejua, SWR ni kipimo cha nguvu inayogoma kwenda hewani na kurudi redioni. 1 ni kamili, ikivuka 3 redio inajipunguza nguvu ili isiungue. Kipimo kikasoma 1.2 kwenye megahezi 7.1. Dogo akapiga makofi. Mzee akatoa simu apige picha.

Mimi haikunikaa. Antena fupi hivi kwa mita 40, ikifungwa vizuri kwenye gari, haiwezi kuwa tamu hivyo bila kusaidiwa. Nikaishika kebo kwa mkono, namba ikahama hadi 1.6. Nikaachia, ikarudi. Kebo ikihisi mkono wako ujue yenyewe imegeuka antena, maana mkondo umekosa njia ya kurudi kwenye bodi.

Pikapu si kipande kimoja cha chuma. Kabini imekalia mipira, bodi ya nyuma nayo ina yake, ekzosi inaning'inia kwenye mipira vilevile. Asubuhi tuliunga vyote kwenye chesisi kwa mikanda ya shaba iliyosukwa, mikanda minne. Nikaingia chini na tochi. Mitatu safi. Wa nne, wa bodi ya nyuma, ambako ndiko antena ilipo, umekazwa juu ya rangi nyeusi ya lami, ile wanayopulizia chini ya gari kuzuia kutu. Nati imekaza kweli, washa ya meno ipo, ila meno yamezama kwenye lami kama kwenye chapati.

Mkanda huo niliufunga mimi. Si dogo.

Nikafungua, nikakwangua kwa bisibisi bapa, nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe kwa upana wa sarafu ya mia mbili, nikakaza, nikapaka grisi juu. Dakika arobaini nimelala chali, lami inaniangukia machoni.

Saa 9:50

Nikapima tena. 1.9.

Kimya. Dogo ananitazama kama nimevunja kitu. Mzee akauliza kwa upole, "Fundi, si ilikuwa 1.2?"

Ilikuwa, mzee. Redio inataka kuona omu 50, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Antena hii ikiwa na ethi nzuri, yaani imeshikana vizuri na chuma cha gari, ni omu kama 26, ndiyo 1.9 hiyo. Ethi ilipokuwa mbovu iliongeza omu zake juu, jumla ikakaribia 50, kipimo kikafurahi. Lakini omu hizo za nyongeza hazirushi kitu, zinakula nguvu yako na kuigeuza joto. Ungekuwa na namba nzuri na sauti isiyofika hata Moshi.

Nikamwonyesha bonde la mstari wa SWR kwenye kioo cha kipimo: kabla lilikuwa pana kama karai, sasa ni jembamba. Jembamba ndilo tunalotaka. Na nikishika kebo, namba haitikisiki.

Kilichobaki ni kulinganisha antena na omu 50 za redio. Nikakata kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, nikazungusha waya wa shaba mara 9, koili ya kama mikrohenri 1. Ncha moja kwenye mguu wa antena, nyingine kwenye bodi. Fimbo nikaifupisha kidogo. 1.3. Siigusi tena.

Saa 12:20 jioni

Mzee amekaa kitini, mlango wazi, mguu mmoja nje. Ameita mara tatu bila jibu. Mara ya nne, sauti ikatoka kwenye mawimbi, alama ya 5Z, ya Kenya, mtu yuko Mombasa, anamsikia 5 na 7: maneno yanaeleweka yote, nguvu 7 kati ya 9. Mzee akanitazama, hakusema kitu, akaendelea kumweleza yule bwana habari za koili yetu ya bomba.

Kwenye daftari akaandika 15:20, saa ya UTC, ile ya dunia nzima. Simu yake inasema 18:20. Saa yangu inasema kumi na mbili na dakika ishirini. Dogo akauliza nani ana saa mbovu.

Saa 1:00 usiku

Amelipa, amewasha taa, anatoka getini. Dogo akakimbia nyuma yake: "Mzee, kichaja chako!"

"Kaa nacho, kijana."

Dogo amerudi anacheka, amekichomeka kwenye betri ya majaribio aongeze chaji ya simu yake. Redio yangu ya mezani ikaanza kunguruma.